Kaka, kuhusu pesa za bati

Kaka Hamisi, shikamoo. Goti la Mama linaendeleaje? Sisi hatujambo, baridi tu.

Ujumbe wako nimeupata. Pesa za bati nitatuma, nyumba ya Mama haina mjadala. Ila safari hii nataka hesabu. Za msingi na matofali sijaona hata risiti moja, na nikimuuliza Baba Mdogo naambiwa nimeota mapembe ughaibuni. Limenichoma sana neno lile.

Kaka, huku Australia hata serikali inaulizwa. Mwezi wa Mei, usiku wa bajeti, Waziri wa Hazina anahutubia bunge Canberra saa moja na nusu, na usiku uleule vitabu vyote vya bajeti vinakuwa mtandaoni, asome anayetaka. Si kwamba hawafichi kitu. Waandishi wa habari wanalalamika kila leo kunyimwa nyaraka. Lakini anayenyimwa ana sheria ya kudai.

Tena nikwambie jambo. Mwaka 2023 Productivity Commission, tume inayoishauri serikali mambo ya uchumi, ilikuwa inachunguza malezi ya watoto wadogo: nani alipe, na kiasi gani. Ikakaribisha maoni ya yeyote. Nikaandika kuhusu kina mama wa kituoni kwetu waliokuwa wakipunguziwa ruzuku ya malezi kwa kuwa saa zao za kazi zilikuwa chache, wakati mtoto ndiye anayekosa. Yakawekwa mtandaoni na jina la marehemu Baba juu yake, sawa na maoni ya vyama vya wafanyakazi na wenye vituo! Mpaka leo yapo. Rasimu ikatolewa watu waikosoe, ripoti ya mwisho ikatoka Septemba 2024. Wapo waliosema fedha ya umma itawanufaisha hadi wenye uwezo, na hoja yao inasomeka vilevile. Februari 2025 bunge likapitisha: familia zenye haki ya ruzuku zipate siku tatu za malezi yenye ruzuku kwa wiki, bila kuulizwa saa za kazi. Baba angelisikia hili!

Idi nilikuwa zamu. Niliutamani mkate wa kumimina wa Mama hadi nikashindwa kula.

Basi mwambie Asha apige picha risiti zote, za bati, misumari na fundi, aziweke kwenye grupu la familia. Nami nitaandika humohumo kila nilichotuma tangu tuanze kujenga, Baba Mdogo alinganishe mwenyewe. Nikilipwa Ijumaa natuma.

Nduguyo,
Mwanaidi