Msimulizi anyamaze, mashahidi waseme

Mhariri,

Juzi nilihamisha chaneli katikati ya filamu ya historia, nami ni mpenzi wa historia tangu utotoni. Ndani ya dakika tano za kwanza msimulizi alikwisha kutuambia nani alishinda vita na nani aliuawa. Kilichobaki kilikuwa muziki wa vishindo, askari wa maigizo wakikimbizana gizani, na picha zinazopita kabla jicho halijatua. Kisha watayarishaji hulalamika kwamba watazamaji wa leo hawana subira!

Mwaka 1990 mtengenezaji wa filamu Ken Burns alionyesha mfululizo wake wa televisheni kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Una sehemu 9, zaidi ya saa 10, na ulitazamwa na watu wapatao milioni 40. Vita vile vilipiganwa 1861 hadi 1865, kabla ya sinema kuwapo, kwa hiyo alitegemea zaidi picha mnato. Kamera inausogelea uso mmoja polepole huku barua ikisomwa. Mojawapo ni ya ofisa Sullivan Ballou kwa mkewe Sarah: anampenda, na anahisi huenda asirudi. Siku chache baadaye alijeruhiwa katika mapigano ya Bull Run, akafa. Niliposikia barua ile sikuweza hata kuinuka kitini.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, waliotengeneza mfululizo wa Uingereza wa sehemu 26 kuhusu Vita Kuu ya Pili waliwatafuta sana wasaidizi na watu wa kawaida, si majenerali tu. Traudl Junge, aliyekuwa katibu wa Hitler, alihojiwa humo. Aliyekaa mezani akipiga chapa huona mambo ambayo mkubwa wake hawezi kuyasema.

Teknolojia mpya siipingi. Mwaka 2018 mwongozaji wa filamu Peter Jackson alizitia rangi filamu za Vita Kuu ya Kwanza, akaajiri wasomaji wa midomo ili wajue askari wale walikuwa wakisema nini. Hiyo ni kazi ya heshima. Ila rangi ikiongezwa, au tukio likiigizwa, tuandikiwe wazi kwenye skrini, maana mtoto anayetazama ataamini ndivyo ilivyokuwa.

Nawasihi watayarishaji: filamu yenu ijayo ianze na mtu mmoja ambaye bado hajui kesho yake, na msimulizi asituwahi kutuambia.

Mtazamaji wenu wa miaka mingi