Shukrani kwa mzee wa sururu, Igombe

Shikamoo mzee wangu. Hukututajia jina, nasi kwa kuduwaa hatukuuliza. Nakushukuru hapa, huenda mjukuu wako akakusomea.

Ni sisi wale wanane wa ufukweni Jumamosi jioni. Kila mmoja alikuwa ameshona kwenye kipande cha sanda mtu aliyekuwa yeye zamani, ili tuvizike pamoja, iwe kazi moja ya sanaa. Mwenzetu mmoja alimshona mtoto aliyengoja bandarini Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Baba yake yuko Igoma, kwenye makaburi ya wahanga.

Mawe ya Mwanza yalitushinda. Juu jembe liligonga jabali, chini shimo likajaa maji ya ziwa. Ukaja na sururu begani: "Mnamzika nani, wanangu?" Niliogopa ungeona tunachezea mauti. Nilipokueleza, ulivua kofia. Ukatuonyesha penye udongo, karibu na mwembe, ukachimba mwenyewe. Kisha ukachonga mwanandani ubavuni, kile kijishimo cha kulazia maiti, ukasema hata hivi vitambaa visimwagiwe udongo usoni. Usoni! Neno hilo lilitutoa machozi sote, tukalia bila kuoneana haya.

Uliomba kipande kilichobaki. Hukutaka kishonwe kitu. Ulikikunja mara mbili, ukakilaza kando ya yule mtoto wa bandarini, na hatukuthubutu kuuliza.

Pesa ulikataa. Sururu uliisahau pale chini ya mwembe. Ninayo nyumbani, Kirumba, nimeisafisha. Jumamosi hii nitakuwa palepale nayo, tangu saa kumi.