Somo, usiuzoeze mkono wako mpini mbaya

Chang'ombe,
Dodoma.

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku mjini. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule na karakana haijakosa kazi. Barua yako nimeirudia kuisoma kwa sababu ya yale maneno uliyoyaweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: kwamba tangu mlipoanza kupogoa zabibu, vidole vinakufa ganzi usiku mpaka unaamka na kuukung'uta mkono, na watu wa nyumbani wanakwambia ni umri. Mimi na wewe ni rika moja, na umri huo siukubali. Ninachokitilia shaka ni zana.

Umesema ganzi inashika kidole gumba, cha shahada na cha kati, lakini kidole cha mwisho hakina neno. Hapo umenieleza mengi. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba: mifupa huku, utepe mgumu wa nyama kule. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yake mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaohudumia vidole ulivyovitaja pamoja na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine, ambao haupiti humo. Ukipinda kifundo huku umekaza ngumi, njia inabana na mshipa unaminywa. Ukifanya hivyo kutwa nzima, siku baada ya siku, usiku mkono unadai chake. Kwa hiyo nenda hospitali wakupime, tena usikawie, usingoje mpaka ushindwe kufunga kifungo cha blauzi. Ila ukitoka hospitali ukarudi shambani na mkasi ule ule, dawa itakuwa kazi bure.

Ule mkasi wako niliushika nilipokuja Mpunguzi. Mipini yake ni mifupi, ncha yake inaishia katikati ya kiganja, na kila unapobana inachoma palepale penye nyama laini, karibu na ule mshipa niliokueleza. Mpini wa kushikwa kwa ngumi unatakiwa uvuke ukingo wa kiganja. Usipungue sentimita 10, na ukifika 12 au 13 ni bora zaidi, hasa kwa anayevaa glavu. Halafu upana wake: mikono miwili ya mkasi ikifunga, nafasi ya kushika isiwe chini ya sentimita 5, na ikifunguka isizidi 9. Ikizidi hapo, vidole vinaanza kubana vikiwa vimenyooka, na kidole kilichonyooka hakina nguvu. Tazama pia springi. Inatakiwa ifungue mkasi yenyewe bila wewe kuupanua kwa vidole, lakini isiwe ngumu kiasi kwamba unapigana nayo kabla hujakata chochote.

Na makali, somo! Watu wengi wananunua mkasi mpya wakati wa zamani ulihitaji kunolewa tu. Mkasi butu unakulazimisha kubana kwa nguvu kubwa zaidi kwa kijiti kilekile. Mizabibu yetu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, maana yake inapogolewa mara mbili pia, wakati kwenye nchi za baridi wenzetu wanapogoa mara moja. Mkono wako unafanya kazi maradufu kwa zana ambayo pengine haijaona jiwe la kunolea tangu inunuliwe. Beba kijiwe mfukoni, unoe kila mnapopumzika. Na yale matawi makongwe yaliyokuwa magumu kama mfupa usiyalazimishe kwa mkasi wa mkono mmoja. Chukua msumeno mdogo.

Jambo la kifundo, lijaribu mwenyewe nyumbani. Shika kijiti kwa nguvu, kifundo kikiwa kimenyooka, umwambie mwanao akivute. Hatakipata kirahisi. Sasa pinda kiganja kwa ndani kadiri kinavyokwenda, ukishike tena. Atakichomoa bila shida. Nguvu ya mkono inapotea pale pale kifundo kinapopinda, ndiyo maana mtu anabana zaidi na zaidi bila kujua sababu. Mafundi waliobobea wana kanuni yao: pinda zana, usipinde kifundo. Utaona koleo nyingine zina mipini iliyopinda, na mikasi mingine vichwa vyake vimelazwa upande. Kama chombo chako hakijapinda, basi wewe badili mahali pa kusimama, sogea, panda kidogo au shuka, mpaka mkono ukate ukiwa umenyooka na kiwiko kiko karibu na mbavu.

Sasa jembe, maana najua uwele nao unakungoja. Nyumba nyingi huku zina jembe lenye mpini mmoja kwa baba, mama na watoto, na mpini wenyewe ulichongwa kwa mkono wa baba. Jambo hili linaniuma kweli. Unene unaofaa kwa ngumi ni kipenyo cha kati ya sentimita 3 na 5, na mwenye kiganja kidogo akae upande wa chini. Huna haja ya kipimo: zungusha mkono kwenye mpini, na kidole gumba kifike kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Vidole visipokutana kabisa, mpini ni mnene, unashika bila kufunga. Vikipitiliza mpaka kucha zinagusa kiganja, ni mwembamba, na mpini mwembamba unachosha kwa sababu unalazimika kuuminya ili usizunguke. Kwa shoka na nyundo napenda umbo la yai kuliko duara, maana mkono unajua makali yanaelekea wapi bila macho kutazama.

Madukani siku hizi utaona mipini ya plastiki yenye mifereji ya vidole, inapendeza kwa macho. Usiinunue. Mifereji ile imepimwa kwa mkono mmoja tu. Kama vidole vyako ni vinene au vyembamba kuliko hivyo, matuta yanakaa juu ya viungo na kuvichubua. Mpini laini usio na mfereji unamfaa kila mtu. Na ile mipini ya bomba la chuma wanayochomelea mafundi siipendi hata kidogo: mwezi wa saba asubuhi inagandisha, mchana wa Oktoba inaunguza.

Mti tunaopendelea karakana yangu ni mkole, uliokaushwa kivulini, nyuzi zikienda sawa na urefu wa mpini. Nyuzi zikikata upande, mpini utapasuka siku ya kazi ngumu. Napiga tupa, kisha msasa, kisha napaka mafuta. Rangi nene na vanishi sipaki, kwa sababu jasho linaifanya iteleze na ufa hauonekani. Kama wako ni mwembamba na huna pesa ya mwingine, viringisha tyubu kuukuu ya baiskeli, ila uibane vizuri isiache tuta.

Kuna habari moja niliyojifunza inayonipa moyo. Marekani kulikuwa na bwana aitwaye Sam Farber, ambaye mkewe Betsey alikuwa na maumivu ya viungo vya mikono, hata kumenya vitu jikoni ikawa taabu. Mwaka 1990 wakatoa vyombo vya jikoni vya chapa ya OXO, vyenye mipini minene ya mpira laini. Vilibuniwa kwa ajili ya mkono unaouma, vikanunuliwa na watu wenye mikono mizima wasio na tatizo lolote. Mimi naamini hata jembe linaweza kubuniwa hivyo, tukianza na aliye dhaifu zaidi shambani.

Fanya hivi, somo. Weka kiganja juu ya karatasi ya daftari, mtoto akuzungushie penseli. Chora na wa binti yako pia, maana najua mnashirikiana jembe. Andika mnakatia mkono gani, wa kulia au wa kushoto. Nitumie karatasi hizo na mkasi wenyewe kwa mtu yeyote anayekuja mjini. Mipini mifupi nitaitoa na kuvalisha mbao ndefu, na majembe mawili nitayaanza mara nikipata vipimo, mkole uliokauka ninao.

Majibu ya hospitali uniandikie hata kama ni mistari miwili. Wasalimie wote nyumbani, bibi unibusie.

Somo yako.