Mvinyo Ule Usiumwage

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako mama yako amenifikishia, nasi huku Tororo hatujambo. Ameniambia pia kwamba mvinyo mwekundu uliobaki baada ya harusi bado uko jikoni kwako Ntinda, chupa moja nusu, nyingine robo, nyingine haijafunguliwa, na kwamba mumeo anataka kuumwaga kwa sababu umeanza kuchachuka. Mwambie aache. Huo uchachu ndio tunaoutaka, ila umeanza bila msimamizi.

Siki nyeupe ya bei rahisi utaipata dukani popote Kampala. Soma kwanza karatasi yake: nyingine ni asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwa maji, basi. Hiyo inafaa kuondoa ukoko mweupe ndani ya birika. Kwenye chakula huuma ulimi, ikapita, isiache kitu. Siki ya mvinyo huacha tunda nyuma yake, na miaka yote niliyopika hotelini Jinja na Entebbe sikuona kitu kinachookoa mchuzi mzito uliopoa ladha kama kijiko chake kimoja.

Elewa kwanza kinachotokea mle ndani. Hamira ilishamaliza kazi yake zamani, iligeuza sukari ya zabibu kuwa pombe. Sasa ni zamu ya bakteria wa jamii ya Acetobacter, wanaoigeuza pombe kuwa asidi, na hawa bila hewa hawafanyi lolote. Ni Louis Pasteur aliyeonyesha, miaka ya 1860, kwamba kazi hii inafanywa na viumbe hai. Lakini watu wa Orléans, Ufaransa, walikuwa wakiifanya tangu zamani: pipa limelazwa, halijajazwa pomoni, lina tundu la kupitisha hewa, siki inatolewa kidogo na mvinyo mpya unaongezwa kidogo. Kwa hiyo yale yote uliyoambiwa kuhusu kutunza mvinyo, kizibo kibane, hewa isiingie, hapa yageuze.

Chukua mtungi wa kioo wenye mdomo mpana. Mtungi wa udongo uliopakwa tabaka la kioo ndani nao unafaa. Sufuria ya alumini usiiguse, asidi itaila na ladha ya chuma itabaki. Mvinyo wa dukani huwa na pombe asilimia 12 hadi 14, na ukali huo huwalemea bakteria, hivyo uzimue: vikombe viwili vya mvinyo, kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba mabichi yana klorini, na klorini imewekwa mle kuua hao hao tunaowaita. Ile chupa ambayo haijafunguliwa ina salfaiti pia, dawa ya kuhifadhi mvinyo. Imimine kwenye bakuli pana, funika kitambaa, ilale hivyo usiku mmoja kabla hujaitumia.

Kisha mbegu. Tafuta siki ya tufaha isiyochujwa wala kuchemshwa, ile yenye mashapo chini ya chupa, uitie kiasi cha robo ya mchanganyiko wote. Hiyo inaleta bakteria, na asidi yake inazuia kuvu wasiwahi kufika. Usijaze mtungi kupita theluthi mbili. Funika kwa kitambaa safi cha pamba kilichofumwa kwa karibu, ukaze na mpira, maana wale nzi wadogo wa matunda wataisikia harufu kabla hujaondoa mkono. Weka kabatini, mbali na jua, na mbali na mahali unapochachua kitu kingine.

Wazungu huhangaika kuutafutia mtungi joto. Bakteria hawa hupenda nyuzi 25 hadi 30, na jikoni kwako ziko bure mchana kutwa. Uganda ni nchi ya siki, hatujaamua tu. Watu wa magharibi mwa nchi yetu wanajua, tonto, ile pombe ya ndizi, ikisahaulika ndani ya mtungi inageuka yenyewe bila kuombwa, na sijui kwa nini tunaimwaga halafu tunakwenda dukani kununua chupa iliyovuka bahari.

Baada ya wiki kadhaa utaona utando juu. Ndiye mama wa siki. Mwanzo ni mwembamba, baadaye huwa mnene, laini, wa kuteleza, rangi ya maziwa au iliyonyonya wekundu wa mvinyo. Usimwogope na usimtikise. Akizama chini hafiki tena kwenye hewa, na itabidi mwingine aumbike juu. Manyoya makavu ya kijani, meusi au meupe hayo si mama, ni kuvu: mwaga vyote, oshea mtungi maji ya moto, anza upya. Harufu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha ikikujia katikati ya safari, mara nyingi hupita yenyewe. Hakikisha tu hewa inaingia.

Kuanzia mwezi wa pili onja kwa kijiko cha mbao. Ikiwa bado unasikia pombe, iache. Pombe ikiisha na uchachu ukasimama, usizubae, kwa sababu bakteria wakikosa pombe huanza kuila asidi yenyewe na siki inapooza. Toa sehemu, chuja, jaza chupa hadi shingoni na ufunge kabisa, safari hii hewa ni adui. Ukitaka itulie moja kwa moja, ipashe hadi nyuzi 60 na kitu, isichemke. Iache chupani miezi miwili mitatu ukali ulainike. Mtungini ongeza mvinyo uliozimuliwa, polepole, ukiupitisha pembeni ili mama abaki juu.

Sasa chakula. Kitunguu chekundu cha kachumbari kikate, kisugue na chumvi, kioshe, kinyunyizie siki. Kitakuwa cha waridi na hakitakunukia mdomoni. Hiyo na muchomo wa mbuzi, huhitaji kitu kingine. Ini likaange na kitunguu, ukiepua tia kijiko cha siki kwenye kikaango kikiwa bado cha moto, ukwangue vilivyoganda chini, umwagie juu. Nyama ya kuloweka, siki kidogo na kitunguu saumu, masaa machache. Ukiilaza kwenye siki nyingi nje inakuwa kama unga. Mboga za majani kama nakati na dodo zitie siki mezani, zikiwa chunguni zitapoteza ukijani. Na maharagwe usiyatie siki mpaka yaive kabisa, kwa sababu asidi ikitangulia utapika hadi makaa yaishe na yatabaki magumu.

Achari ya kukaa kabatini usitengeneze na hii. Inahitaji siki yenye asidi asilimia 5 iliyopimwa, na ulimi haupimi. Ya kula wiki hii, ikae friji, haina neno.

Jambo moja la hatari, mwambie na msichana anayekusaidia: siki isikutane na Jiki, ile dawa ya klorini ya kufulia, kwenye ndoo wala chooni. Pamoja hutoa gesi ya klorini, inachoma mapafu.

Shangazi yako wa Mbale ameshasikia na anataka kipande cha mama wa siki. Akishakuwa mnene, kata, weka kwenye kopo la plastiki na siki yake kidogo, mpe kondakta wa basi la asubuhi na unipigie simu nikampokee. Kifuniko usikibane sana.

Msalimie mumeo.

Baba yako