Tangazo la Leta liandikwe, lisipigwe foto

Muhariri,

Naandika toka Katuba, hapa Lubumbashi. Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, haone tangu utoto lakini telefone anaijua kunipita, iko na sauti ndani, TalkBack, inamusomea kila kitu kidole kinagusa, tena mbiombio vile mimi siwezi hata kufuata. Ujumbe, pesa ya ku simu, byote anafanya mwenyewe.

Mwezi ulipita alikuwa anangojea lisiti ya batu benye baliitwa ku testi ya kazi, ofisi moja ya Leta, ni kusema serikali, jina naliacha. Asubuhi akafungua tovuti yao, anapapasa: "buto", "buto", "foto". Buto ya nini sasa? Lisiti yenyewe ni PDF nzito, kumbe karatasi ilichapwa ku mashine, bakaipiga kashe, ule muhuri, bakatia sinyatire, bakaiskani imepinda, na kwa ile sauti hiyo ni foto tupu, hakuna hata herufi moja. Mega zake za siku zikaisha bure. Jina lake lilikuwa ku ukurasa wa tatu, nilimusomea mimi magaribi nikitoka kazini, na testi ni kesho yake asubuhi!

Lakini ile karatasi si ilitoka ku ordinatere? Mutu aliyeichapa alikuwa na maandishi yote. Kashe baweke, sikatai, tunajua Leta inapenda kashe, ila maandishi bayabandike hapo chini, haiombe bajeti ya Kinshasa. Buto nazo, fundi anaandika neno moja tu ndani ya kodi ya programu, "Pakua" ama "Rudi", sauti inasoma. Kanuni za kutengeneza tovuti yenye batu benye ulemavu banaweza kutumia, W3C, shirika la dunia la kanuni za wavuti, ilizitoa tangu 1999, banaziita WCAG, na toleo la 2.2 lilitoka 2023. Kongo yetu iliingia mukataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za batu benye ulemavu mwaka 2015, kipengele cha 9 kinataja mpaka intaneti, halafu 2022 tukapata sheria yetu wenyewe.

Na haiko bipofu peke yabo. Mama muuza unga ku soko, skrini imepasuka, jua kali, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, naye ataona nini?

Ninyi pia Muhariri, mukiichapa hii barua, ku WhatsApp yenu mutie maandishi, musitume foto ya ukurasa. Yaya anataka aisome mwenyewe.

Musomaji wenu, Katuba