Wazee wa ndege za mizigo wa Eastleigh waandikwe wangali hai

Kwako Mhariri,

Ukitaja kambi ya wanahewa ya Eastleigh mbele ya vijana wa Nairobi, watakukumbusha Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, basi. Siku hiyo siipuuzi. Ila kambi ilifunguliwa 1940, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kubeba: askari, wagonjwa, na chakula.

Marehemu baba alikuwa kibarua wa kupakia mizigo pale enzi za Waingereza. Alikipakilia Kikosi Nambari 30 cha jeshi lao la anga, kilichokaa Eastleigh kati ya 1959 na 1964 na ndege za Beverley: injini nne, tumbo pana kama ghala, magurudumu yasiyokunjwa. Mwaka 1961 mvua ilipokataa kukatika, wakati wa yale mafuriko wazee wanayoyaita ya Uhuru, Mto Tana ulifurika, barabara zikamezwa, na watu wakawa wanadondoshewa chakula kutoka angani.

Baba alitueleza jinsi mahindi yalivyofika chini salama. Yalitiwa kwenye gunia, kisha gunia hilo likatiwa ndani ya jingine kubwa zaidi. La ndani likipasuka kwa kishindo, la nje linazizuia punje. Jioni moja, nyumbani Section Three, alitia maharagwe kwenye mfuko wa karatasi wa sukari, akautumbukiza ndani ya mfuko wa nailoni, akapanda juu ya kiti na kuuachia. Karatasi ilichanika yote. Hakuna haragwe lililoonja sakafu.

Nilipokua ndipo nilipojua kwamba kikosi hichohicho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza duniani kuwalisha watu waliozingirwa kwa kutumia ndege. Hiyo ilikuwa Aprili 1916 huko Kut, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Kilidondosha vyakula, na hata jiwe la kusagia nafaka likashushwa kwa mwavuli. Ndege za wakati ule zilikuwa hafifu mno, mzigo haukutosha, na Kut ikasalimu amri tarehe 29. Miaka 45 baadaye, jina la kikosi ni lilelile, na baba yangu anafunga magunia.

Nayajua haya kwa sababu Waingereza waliandika. Madaftari ya vikosi vyao yamehifadhiwa London, na msomaji yeyote anaweza kuyaomba.

Je, yetu? Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa Juni 1, 1964. Likapata ndege za Caribou, baadaye Buffalo, zote za Canada, zenye mlango wa nyuma unaoshuka kama daraja na uwezo wa kutua kwenye kiwanja kifupi cha vumbi. Buffalo ndiyo iliyomtorosha Hezekiah Ochuka hadi Tanzania jaribio lake la mapinduzi lilipozimwa; hapo tu ndipo wengi wetu tulipoisikia. Na Y-12, ndege nyingine ya wanahewa wetu, tuliijua Aprili 10, 2006, ilipoanguka Marsabit na kuua watu 14, wakiwemo wabunge waliokuwa katika safari ya kupatanisha jamii. Zile safari zilizofika salama, zikashusha mzigo na kurudi, nani amezisimulia? Mimi nimezitafuta katika maduka ya vitabu ya mjini, nikatoka mikono mitupu.

Marubani, mafundi na wapakiaji wa Caribou sasa ni wazee sana. Naomba gazeti lako liwatengee nafasi kila wiki, wasimulie kwa majina yao, na nakala zipelekwe Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue. Wizara ya Ulinzi nayo iwaruhusu waseme yale yasiyo siri. Jinsi ya kufunga gunia si siri ya jeshi.

Baba sikumrekodi. Nilidhani muda upo. Ninacho kipande chake cha kuingilia kambini, na picha moja akiwa chini ya bawa la Beverley na wenzake wanne. Mmoja wao bado yu hai, anaishi Pangani. Jumatatu nitavileta vyote viwili ofisini kwenu, na mzee amekubali kuja nami.

Mkazi wa Eastleigh Section Three,
Nairobi