Ile barua pepe ya "Risiti": msiifungue

Habari za asubuhi wanakikundi. Jana usiku, kwenye kompyuta ya nyumbani ninayowekea hesabu zetu, iliingia barua pepe yenye kiambatisho "Risiti.pdf". Nilikuwa nakaribia kubofya, binti yangu akanizuia. Akawasha mpangilio wa kuonyesha jina la faili lote, kumbe ni "Risiti.pdf.exe", yaani programu, si risiti! Windows huficha ule mkia wa mwisho wa jina (.exe) usipoiambia isifiche.

Ujanja huu ni wa zamani. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino, kilijifanya barua ya mapenzi yenye mkia .TXT; mkia halisi, .vbs (nao ni wa programu), ulifichika. Ukikifungua, kinajituma kwa kila aliyemo kwenye orodha yako ya anwani. Ndiyo maana watu walikiamini, kilitoka kwa mtu wanayemjua.

Kwa hiyo hata ikitoka kwangu, kama hukuitarajia nipigie kwanza. Faili la Word likikuomba uwashe makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), kataa. Masasisho ya Windows msiyaahirishe (najua, yanakula bando).

Mama mweka hazina, Jumamosi njoo na flashi nikunakilie daftari la michango. Ukishanakili uichomoe, isibaki kwenye mashine.